Bido Inaelea, Chupa Inazama

Mutaa wa Kinama, asubuhi. Zubeda anakatakata plastiki na kisu. Bwana yake, Karimu, anavuta chini mukono ya mashini, anaachia, anafungua. Bushoni inatoka nusu.

"Tena?" Zubeda anauliza.

"Usinisemeshe."

Bushoni ni kile kifuniko ya bido, ile dumu ya plastiki ya kubebea mafuta. Karimu na Zubeda wanazitengeneza nyumbani, na plastiki ya kuokota. Zingine zinatoka nusu. Zingine zinatoka nzima lakini zinavuja.

Mzee Huseni, baba ya Karimu, anaingia. Yeye anauza mawese, na ni yeye alinunua mashini.

"Mawese yangu yamemwagika tena ku pikipiki," anasema. "Ijumaa nikitoka musikiti, nitajaribu bushoni moja. Ikivuja, mashini inaenda kwa wauza vyuma."

"Papa, mashini yenyewe ni mbovu!"

"Basi tuiuze leo."

Karimu anashika mukono ya mashini haraka. Bila mashini, atarudi kukaa barabarani kutafuta kibarua.

Zubeda anamwita jirani yao, Carmen. Carmen anafanya kazi ku kiwanda ya mabeseni. Anaingiza mukono ndani ya gunia ya plastiki.

"Muliweka plastiki gani humu?"

"Ya bluu," Zubeda anasema. "Watu wanapenda bluu."

Carmen anacheka mpaka anakaa chini. "Munachagua ku rangi? Hii ni kitenge? Leta maji!"

Anatupa vipande viwili ndani ya beseni. Kimoja kinaelea. Kingine kinazama.

"Kinachoelea ni cha bido. Kinachozama ni cha chupa ya maji. Bido inayeyuka ku moto yenu. Chupa inataka moto mukali zaidi. Hapa inabaki ngumu, inaziba mudomo ya mashini. Njo maana bushoni inatoka nusu."

"Kwa hiyo kila yenye inaelea ni muzuri?" Karimu anauliza.

"Apana! Kuko zingine zinaelea na si za bido. Chukua bido tu, maji ikusaidie kutoa chupa. Kisha kausha. Maji ikibaki, inaleta mapovu. Na fungua dirisha, we! Ile moshi unaivuta ya nini?"

Wanazibua mudomo ya mashini. Wanakausha vipande juani. Karimu anavimwaga kwa juu, ndani ya bomba ya mashini. Ndani ya bomba, moto inayeyusha plastiki. Karimu anavuta mukono chini, kama muganga anasukuma sindano. Plastiki inaingia ndani ya moule. Moule ni vyuma viwili vinafungana, katikati kuko tundu yenye sura ya bushoni.

Imejaa! Karimu anaachia.

"Nani amekuambia uachie?" Carmen anapiga kelele.

"Si imejaa?"

"Plastiki ikipoa inapungua. Ukiachia mbio, hakuna ya kuongeza. Bushoni inabonyea, haikai sawa, inavuja. Anza upya. Shikilia!"

Karimu anashikilia. Anaegemeza kifua juu ya mukono ya mashini.

"Si ulisema we ni mwanaume?" Zubeda anamuchokoza.

"Ngoja nimalize, utaniona!"

"Sasa achia," Carmen anasema. "Lakini usifungue. Iache ipoe, ama itapindana."

Kungoja, Karimu hapendi kabisa. Anazunguka chumba kama kuku anatafuta pa kutagia. Mwishowe wanafungua. Bushoni inatoka nzima, ngumu, inang'aa.

Ijumaa, Mzee Huseni anatoka musikiti na kanzu nyeupe. Anachukua bushoni yeye mwenyewe, ya chini kabisa ndani ya ndoo ya bushoni mpya. Anafunga nayo bido ndogo imejaa mawese.

"Papa, jaribia inje," Karimu anasema. "Kanzu yako…"

"Unaogopa?"

"Apana."

"Basi."

Mzee anapindua bido juu ya kifua chake. Zubeda anafunika macho. Mawese ikigusa kitambaa nyeupe, umeaga hiyo nguo.

Hakuna kitu. Mzee anatikisa. Hakuna kitu. Anapitisha kidole pembeni ya bushoni, anakiangalia.

"Kavu. Alhamdulillah, kavu!"

Zubeda anapiga vigelegele. Upande wa pili wa barabara, Carmen anajibu na vyake.

"Na mashini, Papa?" Karimu anauliza.

"Mashini gani? Mutu aiguse aone!"

Mzee anatoka inje. Bido iko juu chini mikononi mwake, kanzu nyeupe pee. Anapita barabara yote ya Kinama akisema kwa sauti:

"Angalieni! Ni ya mutoto wangu! Angalieni!"