Maneno Sita ya Zakia

Mimi ni kaburi. Muulize yeyote pale karibu na Soko Kuu, Arusha: siri ikiingia kwa Stanley imezikwa, imewekewa maua, na watu wameshanawa mikono kusubiri pilau. Nauza makava ya simu kwenye mlango wa fremu ya Najim, fundi wa kompyuta, na mambo ninayoyasikia pale yangetosha kuvunja ndoa kumi. Hakuna hata moja iliyovunjika.

Zakia aliingia Julai, siku ya soko, baridi ya Meru inauma masikio. Abaya nyeusi, mtandio rangi ya embe bivu, raba nyeupe ambazo matope ya Arusha yalikuwa hayajazijua. Watu walikuwa wanasukumana nje na magunia ya karoti; yeye alisukumwa mpaka ndani, akajikuta ameegemea kaunta. Hakuwa na shida ya fundi. Lakini kwa kuwa amefika, akaona aulize. Akatoa diski kwenye mkoba.

"Hii ikiibiwa, mwizi ataona nini?"

Najim alimtazama kidogo kuliko diski, au diski kidogo kuliko yeye, sikumbuki vizuri. "Kwa sasa ataona kila kitu, dada."

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Zakia alikuwa mpiga picha wa shughuli za kina mama tu: singo, hina, usiku wa kumfunda biharusi, zile sherehe ambazo simu za wageni hukusanywa mlangoni kwenye kapu. Wanawake walivua mitandio mbele ya kamera yake kwa sababu walimwamini. Picha moja ikitoka, kazi imekwisha.

Najim akamweleza. Diski ikifungwa vizuri, kila kilichomo kinavurugwa mpaka kinakuwa makapi ya herufi, na nywila peke yake ndiyo inayorudisha picha. Jina la mama na moja mbili tatu halifai; mashine ya kukisia inalipata kabla chai haijapoa. Achague maneno sita yasiyo na undugu. Hayo mashine itakisia mpaka mlima Meru uchoke kusimama.

"Na nikiyasahau?"

"Utalia, na mimi nitakushikia leso. Kufungua siwezi." Akaongeza, "Ila ukishaifungua mwenyewe ukaiacha wazi, kufuli halilindi kitu."

Zakia alipotaka kuandika nywila, Najim akageuka akatazama ukuta. Ndiyo desturi yake kwa kila mteja. Siku ile alitazama kalenda muda mrefu, na Zakia akatazama mgongo wake muda mrefu zaidi.

Wakaanza kupigiana simu. Zakia alimwita fundi, Najim akamwita bosi, kufika Agosti wakawa wanaitana mpenzi wakidhani sisikii. Adhuhuri moja walikwenda kula ndizi nyama Themi, laptop ya Zakia ikabaki mezani, diski imefunguliwa, ikihamisha picha. Mimi nikabaki kuangalia duka.

Kisha ikatokea habari ya Swabaha. Biharusi huyu wa Engutoto alikuwa amefanya mazoezi ya kucheza chumbani kwake, yeye na Zakia na kamera tu. Wigi likadondoka, akalirudisha nyuma mbele, akaendelea kucheza. Wiki haikuisha, vinyozi wa soko zima walikuwa wanamwigiza. Mama yake Swabaha akampigia Zakia, hakumwita mwanangu. Kina mama watatu wakafuta kazi walizokuwa wamempa.

Zakia alifika dukani macho mekundu. "Najim, uliifungua?"

"Siwezi kuifungua."

"Wewe ndiye uliyeifunga."

"Mimi nilileta kufuli, dada. Ufunguo uko kichwani kwako."

Lile neno dada, baada ya miezi miwili ya mpenzi, lilimkata kuliko wigi la Swabaha. Akaondoka. Ile adhuhuri ya ndizi nyama hakuna aliyeikumbuka kwa ubaya; wapenzi hukumbuka kicheko tu.

Siku ya pili Joyce, muuza chai wetu, akaleta diski na maagizo: Zakia anasema aifungue, kama anaweza. Nikamshauri Najim ajaribu jina lake mwenyewe. Akajaribu, masikio yakiiva. Ikakataa. Akaiweka mashine ikisie siku tatu, feni inalia kama mbuzi. Patupu. Akampigia.

"Mpenzi, diski yako imekaa hapa kama mgeni asiyekunywa chai. Niifanye nini?"

"Ifungue."

"Haifunguki, Zakia."

"Basi kaa nayo mpaka Jumatatu." Akakata.

Jumatatu aliingia na raba zilizojaa matope. Akachomeka diski kwenye laptop yake, akasema, "Geuka." Najim akageukia kalenda. "Haya, soma."

Ilikuwa barua. Najim, ukisoma haya, njoo Momela Jumamosi saa nne, pale ziwani. Niulize unachotaka kuniuliza. Jibu ni ndiyo. Usipokuja, sitakutafuta tena.

Najim aliisoma mara mbili. "Jumamosi ilikuwa juzi."

"Nilikaa mpaka saa nane. Flamingo wamenizoea."

"Wallahi, Zakia, ningeiona ningekuja kwa magoti."

"Najua. Ndiyo maana kila gari lililoingia nilikuwa naomba usiwe wewe. Ungekuja, ningejua uliifungua."

Najim akafuta mikono kwenye suruali, akauliza kama lile jibu bado lipo. Akaambiwa aulize aone.

"Nitume wazee kwa baba yako lini?"

"Wiki hii yupo nyumbani."

Nikapiga makofi, maana mimi ni mtu wa watu. Zakia akasema bado neno moja linamsumbua: kama si diski na si Najim, siri ya Swabaha imetolewa na nani? Nikasema huenda ni jini, nyumba za Engutoto zina historia.

Joyce alikuwa anakusanya vikombe. "Siku ile mlipokwenda kula ndizi nyama," alisema taratibu, "nilimletea Stanley chai. Alikuwa kwenye kiti cha Najim, mbele ya laptop ya dada, anacheka mpaka chai yote imemwagika kwenye shati."

Wote watatu wakatazama kifua changu. Nilikuwa nimevaa shati lile lile.