Aliyesema Haiumi

Mwavuli wa fundi cherehani ndio uliomkutanisha na fundi umeme, pale watu walipojibanza kwenye baraza ya maduka kukimbia mvua.

"Dada, umenitoboa shati!"

"Pole, kaka. Nifuate dukani nikushonee."

Fundi umeme akacheka, kiganja kikiziba mdomo. Kaka huyu ana haya, fundi cherehani aliwaza.

Penzi likakolea, na shaka ikaota humo humo. Mwanamume hatafuni kitu mbele yake. Akimbusu, ni paji la uso tu. Jioni moja simu ya mwanamume ikalia, na sauti ya mwanamke ikavuja: "Kesho usichelewe. Na usiogope, haiumi."

"Nani huyo?"

"Wa kazini, mpenzi."

"Kazini kwenu nyaya tupu. Nani wa kukwambia haiumi?"

Kesho yake akajitanda mtandio, akamfuata kimyakimya hadi ghorofani, akasukuma mlango bila kubisha.

Mpenzi wake alikuwa amelazwa kwenye kiti, kinywa wazi, pengo mbele. Jino la kuvaa na kuvua lilikuwa kwenye glasi ya maji.

"Wewe ndiye mkewe?" daktari wa meno, mama wa makamo, aliuliza kwa sauti ile ile ya simuni.

"Bado sijaamua."

"Nilianguka ngazini zamani," fundi umeme alisema, pengo likipuliza maneno. "Nilitaka nikuchumbie nikiwa kamili."

"Mficha maradhi kilio humfichua. Daktari, unamfanyia nini?"

"Njia ni mbili. Jino la skrubu ya mfupani haligusi meno ya jirani, ila lazima nichane fizi, nitoboe mfupa, tungoje miezi upone. Yeye kachagua daraja la kubandika: jino lenye kibawa kwa nyuma, nakigandisha kwenye jino la jirani."

"Na hilo la jirani, unalisaga?"

"Daraja la mtindo wa zamani ndilo husaga. Hapa nakwaruza kidogo tu, au nisiguse kabisa."

"Likibanduka?"

"Huweza kubanduka. Analeta, nalibandika tena."

Fundi cherehani alimtazama daktari, akalitazama jino kwenye glasi, akamtazama mpenzi wake. Hakuona pa kushika uongo. Hasira ikamshuka, machozi yakapanda.

"Basi niulize sasa, kabla hujabandikwa. Nimwone anayeniuliza."

Fundi umeme akainuka kitini. Hakuziba mdomo. "Utakubali nikuoe?"

"Rudia."

"Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo." Akavuta stuli, akaketi ubavuni pake. "Daktari, endelea. Ila mimi humu sitoki."