Marando ya Ghorofa ya Tatu

Maghribi ilikuwa inabisha hodi, ukungu umeshaanza kuteremka kutoka Uluguru, na Kibwana ametumwa mboga. Wanaume wengine wa Morogoro wakitumwa mboga huenda sokoni. Yeye alitoka sebuleni tu, akasukuma mlango wa balkoni, akawa kafika shambani. Shamba lisilo na hata chembe ya udongo.

Na alivyolitangaza kwa kila mgeni aliyekuja! Muuza dawa ya panya mnadani angemwomba apumzike.

“Ndoo ya rangi, mfuniko umetobolewa, kikombe cha makumbi ya nazi, maji ya mbolea. Basi! Hakuna jembe, hakuna palizi, hakuna pampu. Mizizi inaning’inia, inakunywa yenyewe, kama mimi harusini!”

Akawa wa kwanza kucheka. Wageni wakacheka kwa adabu, na kila mmoja akateremka ngazi na rando la matembele mkononi, akapande kwake. Mmoja tu hakucheka: mwanamke wa kaniki, miguu imelowa ilhali mvua haijanyesha. Alisema anakaa hapo juu. Akaomba rando la ile ndoo ya pembeni, si nyingine. Kibwana akamkatia, akamrudilia na kichekesho chake. Wapi. Mama wa watu alimtazama kama anayetazama ukuta.

Sasa jioni hii akafunua ndoo ile ya pembeni.

Kavu.

Aliijaza asubuhi. Ndoo nyingine zilikaa wiki nzima bila kudai kitu. Hii ilikunywa kama ngamia aliyepotea njia. Na matembele yake yalinona, mashina kama vidole vya mtu mzima. Kibwana akainama kunusa.

Haikuwa harufu ya mbolea. Ilikuwa harufu ya maziwa... maziwa yaliyolala.

Akafunika haraka. Chumbani mkewe, Shadya, alikuwa akimnyonyesha mtoto wao wa kwanza, Hafidhi. Mtoto alinyonya mchana kutwa, usiku kucha, na bado alikonda. Mbavu zilihesabika. Zahanati walipima, wakapima tena, wakasema hawaoni ugonjwa. Shadya alikuwa ameacha kulia. Sasa alimtazama mwanawe tu, kama mtu anayelinda mshumaa kwenye upepo.

Kibwana alishamjua mchawi. Alikuwa amelala kwenye kochi lake!

Bi Pili, bibi yake Shadya, alishuka kutoka Kinole kuja kumwogesha mtoto. Tangu afike, mtoto anapungua. Matembele, bibi hayagusi hata kwa ncha ya ulimi. Na kila maghribi huteleza kwenda balkoni, peke yake, bila kandambili.

Kibwana akajibanza nyuma ya pazia. Kitambi kikabaki nje, lakini kiza kilimsitiri. Bibi akapita. Akachuchumaa kwenye ndoo ya pembeni. Akanong’ona...

“Rudi. Rudi kwa mama yako. Hapa si kwenu.”

Kibwana akachomoka, mwiko juu. “Nimekukamata, bibi! Na shikamoo!”

“Marahaba, mume wangu. Shusha mwiko wako.” Bi Pili hakugeuka hata kidogo. “Niambie. Kitovu cha mtoto umekizika wapi?”

Mwiko ukashuka wenyewe.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kitovu kikidondoka, huzikwa kwenye ardhi ya ukoo huo, ili mtoto awe na mahali pa kushika. Shadya alikifunga kwenye kitambaa, akampa mumewe akipeleke Kinole, migombani kwa mama yake. Siku hiyo mvua ilinyesha, barabara ya mlimani ilikuwa utelezi mtupu, na mpira ulikuwa unaonyeshwa. Kibwana akajiambia: kupanda ni kupanda. Akakifukia kwenye kikombe cha ndoo ya pembeni, chini ya makumbi ya nazi. Akashinda kwenye mpira, jioni akarudi sebuleni na uongo uliopigwa pasi: “Tayari, mke wangu.”

“Nilikiweka... hapo,” alinong’ona.

“Hapo pana udongo?”

“Hapana.”

“Basi kimeshika nini?”

Bibi akanyanyua mfuniko. Mizizi ilikuwa minene, myeupe, imesokotana kama kamba. Kamba moja. Ilikuwa na joto.

Kibwana akaivuta kidogo.

Chumbani, Hafidhi akapiga yowe.

Akaachia. Kimya.

Akavuta tena, kidogo mno, kama anayemwomba Mungu amkatalie...

Yowe.

“Baba Hafidhi!” Shadya aliita. “Njoo umwone mtoto! Hakuna aliyemgusa!”

Mtu aliyewahi kuchekesha hadi msibani akaiachia kamba, akafuta vidole kwenye shati.

“Usivute. Usikate,” Bi Pili alisema. “Kisichoshika ardhi kinashika chochote. Kinanyonya huku, mtoto anapungua kule. Kikazikwe kizima kwao, Kinole, pamoja na mizizi yake. Na marando ya ndoo hii... uligawa?”

Aligawa. Usiku huohuo alibisha mlango hadi mlango, anadai zawadi zake kama mchumba aliyekataliwa. Jirani yake Maimuna alimpa lake bila kuuliza. Lilikuwa linanuka maziwa, alikuwa ameshalitoa nje. Alfajiri wakapanda Kinole, Kibwana amepakata ndoo kama bibi harusi. Bi Pili akachimba migombani, akataja majina ya mama zao waliotangulia, akafukia kila kitu.

Siku hiyohiyo Hafidhi alinyonya, akacheua, akalala. Baada ya siku chache mashavu yakaanza kurudi. Shadya akalia tena, safari hii kwa raha. Kisha akamnunia mumewe, jambo ambalo nalo lilikuwa dalili ya afya.

Jioni moja walikuwa sebuleni, mtoto amelala mikononi mwa baba yake. Bi Pili akauliza tu, kama mtu aliyekumbuka chumvi:

“Marando yote yalirudi?”

“Yote, bibi. Isipokuwa la yule mama wa kaniki. Sijamwona tena. Anakaa hapo juu.”

Shadya akainua uso polepole.

“Juu wapi, Baba Hafidhi? Juu yetu kuna bati.”

Nje, adhana ya maghribi ikaisha. Na katika utulivu ule wakasikia, juu ya dari, taratibu... sauti ya kufyonza. Kitu kinanyonya, kinameza, kinavuta pumzi.

Hafidhi alikuwa amefumba kinywa.

Siku hizi balkoni kuna kamba ya nguo tu. Kibwana bado ana vichekesho vyake. Lakini maghribi ikiingia hunyamaza, humnyanyua mwanawe kwa mikono miwili, humpima hewani. Leo mzito kuliko jana?

Jana alisema ndiyo.

Leo anampima mara ya pili.