Sauti ya Jorina Kwenye Kompyuta

Msiniulize nani kaniambia. Nilikuwepo mwenyewe, birika mkononi, na Faridpur nzima, huku kwetu Bangladesh, hakuna muuza chai mwenye macho kama yangu.

Mofazzal, karani wa afya, alifiwa na mkewe Jorina msimu wa kugema maji matamu ya mtende. Popo wenye ugonjwa walilamba chungu cha kukingia maji hayo mtini usiku, mama wa watu akanywa kikombe kimoja alfajiri, homa ikampanda kichwani, siku ya tano tukazika.

Baadaye ofisi ikaletewa kompyuta yenye akili bandia. Kila saa kumi jioni ilipigia simu nyumba zote, ikauliza nani ana homa, ikachora doa jekundu kwenye ramani. Kwenye doa ndiko gari la madaktari lilikokwenda.

Jioni moja doa likawaka juu ya nyumba ya Mofazzal, naye kaifunga, ufunguo mfukoni.

"Imepiga namba ya marehemu," alininong'oneza. "Simu yake iko sandukuni, haina hata betri."

"Futa, kaka! Unangoja nini?"

Akataka kusikiliza kwanza. Ikaja pumzi, kisha sauti ya Jorina: "Nina homa. Wewe umekula?"

Miezi minane hakuna aliyemuuliza kama amekula. Hakufuta.

Gari lilikwenda mara mbili, likakuta kufuli. Lakini kila jioni sauti ilirudi, na ofisi ikanuka maji ya mtende yanayochemka ingawa hapakuwa na moto, na nyuma ya sauti pumzi zikazidi, mbili, tano, kumi, kama chumba kinachojaa watu gizani, na Mofazzal akawa anakaa pale mbele ya kioo akijibu taratibu, "Nimekula, mke wangu," hali chai yangu hajaigusa.

Kisha akaja jirani yake Komola, ushungi umemwanguka.

"Nyie watu mna roho gani? Mara tatu nimeiambia simu yenu binti yangu Shefali anaungua kwa homa! Mbona hamji?"

Tukatazama ramani. Juu ya nyumba yake, hakuna doa. Kompyuta ilishajifunza kwamba mtaa ule hulilia homa isiyo na mgonjwa, ikaacha kuuamini.

Fakiri, mtu wa dua anayepunga majini, akaitwa. Akanusa mlangoni, akarudi nyuma. "Huyo si mkeo. Jini limevaa sauti yake. Ulilifungulia wewe, ulifunge wewe."

Mofazzal akagusa namba ile. Kompyuta ikauliza: Kuna mtu katika namba hii?

"Usinifute," sauti ikasema polepole. "Utakula na nani?"

Alilia kama mtoto. Kisha akajibu: "Hakuna mtu."

Papo hapo doa la Shefali likawaka, gari likatoka mbio. Binti alipona; hata leo asubuhi kaniibia biskuti.

Jioni iliyofuata kompyuta ilimpigia Mofazzal nyumbani, nimekaa naye. "Nipo," alisema. "Sina homa. Nipo hapa." Kesho yake tukakuta imeandika, kama alivyoijibu mwenyewe: Nyumba tupu. Huandika hivyo kila siku mpaka leo, hata akipiga kelele.

Haya, nikiri moja. Fakiri nimemzua, maana kisa cha jini bila fakiri hakinogi. Siku ile hakuitwa mtu. Mofazzal alijibu peke yake, na mimi mwenye mdomo mrefu nilibaki mlangoni, birika likipoa.