Mwamuzi Aliyefumba Macho

Mvua ya kwanza ya msimu iliponyesha, kila mwenye matairi yenye vipara alikumbuka dhambi zake siku hiyo hiyo. Duka la matairi likafurika. Magari yalipangana hadi nje ya geti, honi zikagombana, mafundi wakawa wanakimbizana na jeki. Katikati ya vurumai hiyo alisimama mwalimu wa shule ya udereva, gauni la njano, raba nyeupe, mwavuli kwapani, akisubiri gari lake la kufundishia. Alikuwa ameligeuzia geti mgongo. Nyuma yake gari likaingia, likateleza kidogo, likasimama kwa kishindo.

"Huyo aliyeingia sasa hivi," Mwalimu alimwambia fundi bila kugeuka, "anakanyaga breki kama anaua mende."

Fundi akakohoa. Wenzake wawili wakaacha kazi ili wasikose kitu.

"Dada yangu," sauti nzito ilisema, "unajua unamsema nani?"

Mwalimu akageuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu, jaketi jekundu la ngozi, tabasamu la mtu aliyezoea kupigwa picha.

"Simjui. Nimemsikia tu."

"Huyu ndiye Radi, dereva wa mashindano," fundi alinong'ona, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

"Kumbe! Basi pole yake mende."

"Nimeshinda mara nne mimi!" Radi akasema.

"Kwenye jua?"

Radi akatoa simu mfukoni. Zote nne alishinda kiangazi.

"Nipe namba yako," alisema. "Nikikumbuka jibu nitakupigia."

Alipiga jioni ile ile. "Jibu sijalikumbuka," alisema, "ila gauni la njano nalikumbuka vizuri sana."

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Kila Jumamosi Radi alikuja kumchukua, na kila Jumamosi Mwalimu aliingia garini na kikombe cha chai, kimejaa hadi ukingoni, akakipakata. Hilo ndilo jaribio alilowapa wanafunzi wake: anayejua kuendesha kwenye maji hamwagi chai ya abiria.

"Mpenzi, hili ni gari, si meza ya kulia," Radi alilalamika.

"Endesha, roho yangu. Mimi nakunywa."

Hakuna siku aliyofanikiwa kuinywa. Ilimwagika kwenye gauni la njano, ikamwagika kwenye la bluu, ikamwagika kwenye sketi aliyoazima kwa dada yake. "Kabati langu lote lina historia yako," alimwambia kwenye simu. Radi akaahidi kumnunulia magauni mapya. "Ninunulie mguu wa kulia wenye subira," Mwalimu akajibu, na wote wawili wakacheka hadi salio likaisha. Alimpenda, tusifichane. Alimpenda na breki zake.

Sasa, baba yake Mwalimu alikuwa mwamuzi wa mbio za magari kwa miaka thelathini. Kituo chake kilikuwa Kona ya Maji, kona ya chini kabisa ya uwanja, panapotuama maji yote. Siku ya mvua, chama cha mbio hakikutoa kombe kwa kutazama saa, kwa sababu wazee wa chama waliona kuwa saa inasifu gari zaidi kuliko dereva. Kila dereva alipita pale mara mbili, na kila mara mwamuzi akampa alama kati ya ishirini. Baba alihukumu kwa masikio. Alifumba macho chini ya kofia pana, watu wasimwone, maana maji yanayoruka humfanya kila dereva aonekane shujaa, akasikiliza injini. Mjuzi anabembeleza mafuta, sauti yake haikatiki. Asiyejua anakanyaga, anaachia, anakanyaga tena. Bintiye alijifunza kazi hiyo tangu anabebwa mabegani. Mwaka ule goti la Baba likagoma, naye akamfunga bintiye mkononi kitambaa chake cheusi cha uamuzi. "Usikitie aibu," alimwambia.

Mwalimu hakuficha kitu. Alimwendea mwamuzi mkuu, mzee aliyeitwa Bendera, akamweleza kwamba Radi ni mpenzi wake.

"Utampendelea?" Bendera aliuliza.

"Nitamsikiliza kama wengine."

"Basi nenda kanyeshewe."

Siku ya mashindano mvua ilimwagika haswa. Mwalimu alisimama kando ya kona na koti refu la mvua, akainamisha kichwa, akafumba macho. Radi alipopita mara ya kwanza, gari lake lilitoa sauti moja tu, laini, kama cherehani ya fundi hodari. Mwalimu akaandika kumi na nane, moyo ukimchezea ngoma. Mara ya pili akasikia vum! vum! vum! kisha mlio wa matairi, kisha kishindo, kisha kimya. Alipofumbua macho, gari la Radi lilikuwa limetumbukiza pua topeni. Mwenyewe alikuwa anatoka mzima mzima. Mwalimu akajifuta uso, akaandika.

Radi akaja mbio, tope hadi kwenye nyusi. "Hiyo umenipa ngapi?"

"Nne."

"Nne! Na wewe ulikuwa umelala!"

"Nani amelala?"

"Nimekuona! Macho umefumba, kichwa umeinamisha. Nikapiga mafuta nikuamshe, ndiyo maana nimeteleza!"

"Radi, nilikuwa nasikiliza."

"Unasikiliza nini, mahubiri?"

Watazamaji wakaangua kicheko. Kicheko kile kilimchoma Mwalimu kuliko maneno yenyewe, akaondoka. Radi naye, kwa hasira za kukosa kombe, akapeleka malalamiko kwenye chama: mwamuzi alilala kazini. Mtazamaji mmoja akampa na picha, Mwalimu amefumba macho chini ya mvua, anaonekana amelala fofofo. Bendera akaita kikao Jumamosi. Likithibitika, kitambaa kitavuliwa, na kazi ya Baba ya miaka thelathini itaishia kwenye picha hiyo.

Siku ya tatu simu iliita, Mwalimu akiwa kazini.

"Mpenzi," Radi alisema kwa upole, "sema tu ulisinzia. Uchovu, kila mtu anachoka. Nitaondoa malalamiko, yaishe."

"Nikisema hivyo nitakuwa nimedanganya."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Nikikudanganya wewe, nitabaki na nani wa kumwambia ukweli?"

Akakata simu, akalia pale pale kwenye kiti cha abiria. Mwanafunzi wake, mama mtu mzima aliyekuwa amemaliza kuegesha gari, akamshika bega. "Usilie, mwalimu wangu," alisema. "Kesho nitaegesha vizuri."

Jumamosi mvua ilikuwa bado ipo. Bendera hakutaka hotuba. Alimkalisha Mwalimu kando ya Kona ya Maji, akamfunga macho kwa skafu, akamgeuza aipe kona mgongo. Wanachama wote wakajipanga nyuma yake. Baba hakuwepo. Alikuwa nyumbani na goti lake, na Mwalimu alishukuru kwa hilo.

Gari la kwanza likapita. "Huyu anaogopa," Mwalimu akasema. "Tisa."

La pili likapita. "Kumi na tano. Gia ya tatu ameiwahisha." Dereva alipoulizwa akakiri, masikio yamemshuka.

La tatu likaja taratibu, likaikata kona, likapotea. Mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Kumi na tisa! Sijawahi kusikia mguu mwepesi hivi. Nani huyu, jamani?"

Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko. Alikuwa Mama Mayai, muuzaji wa mayai, anayepeleka mzigo kantini, amekosea njia. "Trei ishirini!" Mama Mayai alipaza sauti dirishani. "Halijapasuka hata moja!"

Radi peke yake hakucheka. Alivaa helmeti, akaingia garini.

Mwalimu alimtambua kabla hajafika konani. Akashika kingo za kiti.

"Huyu ni Radi," alisema, sauti imebadilika. "Anakuja polepole. Amegusa mafuta... hajaachia..." Gari likapita, sauti moja, laini. "Kumi na nane. Ndivyo alivyopita mara ya kwanza siku ile. Hiyo niliiandika kwa furaha. Ile nne niliiandika nikilia. Zote mbili ni zake."

Bendera akatoa karatasi ya mashindano mfukoni. Kumi na nane, kisha nne. Kwenye ile nne wino ulikuwa umetawanyika.

Radi alirudi kwa miguu, helmeti mkononi. "Kumi na nane? Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza ya pili tu."

Radi akaichukua barua yake ya malalamiko mikononi mwa Bendera, akaichana vipande vipande mbele ya watu, akamfungua Mwalimu skafu kwa mikono yake. "Nimekukosea," alisema. "Nimekukosea wewe na mzee wako. Nisamehe, malkia wangu."

"Nimekusikia," Mwalimu akajibu, na machozi yakamtoka tena, safari hii hakuyafuta.

Wiki tatu zilizofuata, Radi, bingwa mara nne, alishinda kwenye kiti cha abiria cha gari la mayai, trei mapajani, akisomeshwa na Mama Mayai. Jumapili ya nne akaja kumchukua Mwalimu waende kwa Baba. Mvua ilinyesha. Mwalimu alivaa gauni jipya la njano, na safari hii Radi mwenyewe ndiye aliyempa kikombe cha chai, kimejaa hadi ukingoni.

Walipita mashimo, matuta, madimbwi. Chai haikutikisika. Geti la Baba likaonekana.

"Mpenzi," Radi alisema, macho barabarani, "nataka nikuoe. Leo nataka nimwambie mzee. Unasemaje?"

"Ndiyo," akasema Mwalimu.

Radi akakanyaga breki kama anaua mende. Chai yote ikahamia kwenye gauni.

Barazani, Baba alikuwa ameweka goti lake juu ya stuli, ameligeuzia geti mgongo, anasikiliza redio. Akaizima.

"Shikamoo, baba!" Radi aliita kutoka dirishani, jasho linamtoka.

"Marahaba," mzee akajibu bila kugeuka. "Nne."