Harusi Aliyoiacha Mzee Houssein

Mwajuma alishtuka alipokuta bakuli lake la hina limelowa. Hina yenyewe hakuwa ameigusa tangu Idi, na katika nyumba ile ya Gitega hapakuwa na mwanamke mwingine. Akalaumu panya, maskini, kana kwamba panya hujipamba.

Kisha shuka za kitandani zikaanza kunukia udi ambao hakuuchoma. Mumewe, Radjabu, akawa anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Wivu ukampanda Mwajuma, akamkalisha chini.

"Radja, iko mwanamke gani humu ndani?"

Radjabu akatazama mlango kwanza. "Sema polepole. Ni ile livre, kile kitabu cha Mzee."

Mzee Houssein, baba mdogo wa Radjabu, alikuwa mtunzi wa visa vya falme za majini. Kisa chake kikubwa alikiachia pabaya: binti wa mfalme wa majini amekwisha pambwa, bwana harusi, mwanadamu, yuko mkekani anangoja. Uhuru ukaja, bendera zikabadilishwa, Mzee hataki kukigusa, mpaka akafa. Watu wakasema ni uvivu. Radjabu, aliyempenda mno marehemu, akaiandika ile harusi mwenyewe na kuipeleka kwa Matata, mchapaji. Kabla ya kuchapa wakaisoma kwa sauti ili washike makosa, Matata akiwa baba wa binti, Radjabu bwana harusi, mafundi wawili wakisikiliza.

"Matata akasema, nimekuozesha binti yangu. Mi nikasema, nimekubali."

"Mbele ya watu wawili?"

"Tulicheka sana, Mwajuma."

Mwajuma hakucheka. Hata mtoto wa madrasa anajua kwamba ndoa haina mzaha, ukitamka, umeoa. Na baba wa kweli, mfalme wa majini, inaonekana aliridhia.

Kitabu kilikuwa kimekwisha toka, kinasomwa mpaka Makebuko. Hapakuwa na la kufanya ila kwenda Muyinga kwa Shehe Abubakari, aliyesifika kwa kutoa majini. Shehe akafukiza ubani mchana kweupe, akamwambia Radjabu atoe talaka.

"Binti wa mfalme, nimekuacha, nimekuacha, nimekuacha!"

Moshi ukasimama kama umeshikwa, mbuzi waliokuwa wakilia uani wakanyamaza wote pamoja, na harufu ya udi, ile ile ya kitandani, ikaingia chumbani taratibu, ikapita mbele ya Mwajuma karibu kabisa na uso wake, ikaenda kutulia pembeni mwa Radjabu, pale mkeka ulipobonyea bila mtu kuonekana.

"Talaka nimeipokea, bwana," ikasema sauti ya kike, ya adabu sana. "Eda nitaikalia nyumbani kwako, kama sheria inavyotaka."

Mwajuma akalia kwa furaha. Eda ina mwisho; angevumilia, halafu angebaki na mume wake peke yake.

"Eda ya miezi mitatu?" Shehe akauliza.

"Ya mwenye mimba, Shehe. Mpaka nijifungue."

Radjabu akainamisha kichwa. Hakukana. Mwajuma akamgeukia mganga na kunong'ona, "Shehe, mimba ya jini inakaa muda gani?"

Shehe akafunika chetezo.

"Mi sijui, mama. Iko mzee mmoja kule Buraza, jini wake alishika mimba wakati wa Wadachi, kabla Wabelgiji hawajaja. Mpaka leo wanangoja."