Anachomaanisha Kokulinda

"Hakusema hivyo," nilimwambia Ndalahwa.

Alivua hedifoni akanigeukia. Kwenye skrini, yule shujaa mwenye koti jeusi alikuwa amemshika mke wake mkono na kumbana ukutani. Mwanamke alikuwa amesema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba akimgusa tena ataondoka na hatarudi. Ndalahwa, kwenye maiki yake, alikuwa amemfanya aseme: "Nisamehe baba watoto, nimekosa mimi."

"Najua hakusema hivyo."

"Sasa mbona umebadilisha?"

"Koku, nikiweka alivyosema, banda zima la video litapiga miluzi. Wanaume wanalipa waje kumwona mwanaume."

Hiyo ndiyo kazi yake, kutafsiri filamu kwa Kiswahili. Chumba chake cha kurekodia kiko Igogo, Mwanza, kuta zake zimefunikwa magodoro ili kelele za barabarani zisiingie. Sauti yake inajulikana hadi visiwa vya ziwani. Mimi mwenyewe niliipenda kabla sijamwona usoni. Nilikuwa nimekaa saluni, TV inaonyesha filamu, nikacheka mpaka msusi akaniomba nitulize kichwa. Ni mcheshi, na akiniita jina langu lote, Kokulinda, huwa nasahau nilichotaka kumwambia.

Katika filamu hiyo alimpa shujaa msemo wake mwenyewe: "Mwanamke ni TV, rimoti ninayo mimi." Haukuwemo kabisa kwenye filamu. Haikupita muda, waendesha bodaboda wa Igogo wakawa wanausema. Wengine waliubandika kwenye pikipiki.

Kisha akaja Teodora, jirani yangu anayekaanga samaki. Alikuwa amejifunga kitenge kichwani, kimeshushwa hadi kwenye jicho moja. Nilimuuliza amepatwa na nini. Alikaa kwanza, akapanga sato wake kwenye sinia, ndipo akasema:

"Mwambie mchumba wako ile rimoti imefika kwangu."

Nilimpelekea Ndalahwa maneno hayo kama yalivyo. Alisema mume wa Teodora alikuwa mlevi kabla ya filamu kuletwa duniani. Nikajiambia pengine ni kweli. Wazee wake walikuwa waje kwetu Usagara Jumamosi kuposa, shangazi zangu walishanunua vitenge vya sare, na mimi si mtu wa kubishana.

Ijumaa asubuhi nikapata ujumbe.

"Habari Mwl. Kokulinda. Mchumba wako ametueleza jana kuwa hutakuja tena. Tumesikitika, ila tunawatakia ndoa yenye baraka. Sr. Bernadeta."

Niliusoma nimesimama. Tangu nimalize chuo cha ualimu nilikuwa nikiomba nafasi, na hii ya Sengerema, katika shule ya masista, ndiyo ya kwanza kukubaliwa. Nilipaswa kuripoti Jumatatu. Nikapiga simu.

"Shikamoo Sister. Nani amesema siji?"

"Marahaba. Nilipiga jana, akapokea mwanaume. Akasema uko bafuni, na kwamba umemtuma anieleze."

"Sikumtuma, Sister. Jana simu niliiacha kwake ikichaji."

"Basi nafasi naishikilia mpaka Jumatatu. Lakini nataka nikuone wewe. Sitaki kuletewa habari zako na mtu."

Nilimkuta Ndalahwa akifuta vumbi kwenye maiki. Alifurahi kuniona, akaniuliza kama nimekula. Nikamwonyesha simu.

"Ulimwambia Sister siji?"

"Nilimwambia unachomaanisha."

"Nilikuambia nataka kwenda."

"Ulisema kwa mdomo. Moyoni unataka kukaa na mimi. Wewe huwezi kumwambia mtu hapana, Koku, nakujua. Nimekusaidia."

Nikasema nampigia Sister tena, mbele yake, asikie mwenyewe ninachotaka. Akanishika mkono wa simu, juu ya kiwiko, akabana. Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa godoro la ukutani.

"Rimoti anayo nani?"

Nilisubiri acheke. Kwa kawaida akisema mzaha, jicho la kushoto huanza kucheka kabla ya mdomo. Halikucheka.

Baadaye aliniachia, akanibembeleza kwa ile sauti, akasema ni mawazo ya posa. Nilipiga kelele? Hapana. Nilitikisa kichwa nikaondoka, naye nafikiri alikitafsiri kile kichwa pia, kuwa nimekubali.

Jumamosi sebule yetu ilijaa. Mshenga wao, mzee Machibya, alizungumza vizuri kuhusu ua walilosikia harufu yake tangu Igogo. Watu wakacheka. Nikaitwa kutoka ndani, nimevaa gauni la mikono mirefu kwenye joto lile. Baba akauliza kama inavyoulizwa:

"Koku mwanangu, wageni hawa unawafahamu? Tuwapokee?"

Desturi ni kuinamisha uso. Shangazi hujibu kwamba mtoto amekubali, na vigelegele vinafuata. Shangazi Josepha alikuwa tayari amevuta pumzi.

"Nawafahamu, baba," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba mno. "Ila nimepata kazi Sengerema, naenda Jumatatu. Na sitaki kuolewa na Ndalahwa."

Ndalahwa akacheka kidogo, akainua mkono kwa adabu, akatoa sauti ileile ya kwenye filamu.

"Wazee wangu mnisamehe, mwenzangu ana aibu. Anachomaanisha ni kwamba..."

"Kijana," baba akamkatiza, "huyu amezungumza Kiswahili. Nimemwelewa."

Nilivuta mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko. Alama za vidole zilikuwa zimegeuka zambarau. Mama alitazama, akageukia dirishani.

Mzee Machibya aliivaa kofia yake polepole.

"Tumesikia," akasema. "Na tumeona. Ndalahwa, inuka twende."

Aliinuka. Mlangoni aligeuka kunitazama, kisha akatoka. Nililia usiku ule wote. Mtu asidhani mapenzi yanaisha kwa sababu umesema ukweli sebuleni.

Jumatatu nilikuwa kwenye kivuko cha Kamanga kuelekea Sengerema, sanduku katikati ya miguu, simu ilipotetemeka. Ujumbe wa sauti, na juu yake maandishi:

"Nimeirekodi upya ile sehemu. Jana nimeionyesha bandani, wamenizomea. Sikiliza."

Niliweka simu sikioni, nikaziba sikio la pili kwa kiganja kwa sababu ya injini. Hapakuwa na madoido, hapakuwa na mzaha. Ilikuwa sauti yake tupu, ya chini, ikitetemeka kidogo kama ya yule mwanamke.

"Ukinigusa tena, naondoka. Na sirudi."

Nikairudia. Ilikuwa tafsiri sahihi, neno kwa neno. Nilitaka sana kumwandikia kwamba ameipatia.

Nikaizima simu. Nyuma yetu maji yalikuwa yameshaitenganisha Mwanza na kivuko.